Amri ya kukataza si mupango: kila komine ijitayarishe kabla mvua irudi

Huku kwetu Lualaba mvua inaanza karibu na mwezi wa kumi, inaenda mpaka mwezi wa ine. Mutu yeyote wa karieri anajua maana yake. Udongo unalegea, maji inaingia ku mashimo, kingo zinapasuka. Muzee mwenye alitumika Gécamines anaijua, mutoto wa salakate anaijua, mama mwenye kuuzisha bukari ku mulango wa karieri anaijua. Wakubwa wa province nao wanaijua. Basi ulizo ni hili: kama sisi wote tunajua hatari inakuja mwezi gani na inapitia wapi, juu ya nini kila mara inatukuta kama vile haijatokea hata siku moja?

Tukumbuke Kalando. Siku ya posho, tarehe 15 Novemba 2025, ku karieri ya Kalando, upande wa Mulondo, kilometa karibu 42 kutoka Kolwezi, daraja yenye wachimbaji walijijengea juu ya mufereji wenye kujaa maji ilivunjika. Ministri wa ndani wa province, Roy Kaumba Mayonde, alitangaza angalau watu 32 wamekufa. Wengine walihesabu zaidi. Ministri alieleza kama kuingia pale ilikuwa imekatazwa kabisa, juu ya mvua na hatari ya udongo kuporomoka. SAEMAPE, ofisi ya serikali yenye kusimamia wachimbaji wa mikono, iliandika ndani ya raporti yake kama masasi ya waaskari wenye kulinda fasi ile njo ilitia watu woga. Wakakimbilia wote daraja moja, wakaangukiana, wakalaliana. Kesho yake kazi ya Kalando ikasimamishwa.

Sitaki kuhukumu hapa nani alipiga sasi na juu ya nini. Ile ni kazi ya tribinali, na familia za wafu ziko na haki ya kupata jibu la wazi. Ninaangalia kitu kingine. Hatari ilijulikana mbele. Amri ilitolewa mbele. Na watu walikufa tu. Maana yake amri peke yake haikutosha. Watetezi wa haki za watu wanasema kama wachimbaji zaidi ya 10,000 walikuwa wanatumika Kalando. Watu 10,000 ni muji mudogo. Hauwezi kufunga muji na karatasi, hasa kama ndani ya ule muji njo kunatoka chakula ya jioni na franga ya masomo ya watoto.

Ile fasi ilikuwa na njia ngapi za kutoka? Nani alikuwa na kazi ya kuangalia daraja kama inaweza kubeba watu? Kama woga unaingia ndani ya kundi la watu, nani anasema "mupite huku, musikimbie", na anasema na chombo gani? Hospitali gani ilikuwa imeambiwa mbele kama siku moja itapokea watu makumi kwa saa moja? Haya maulizo haitaki injinia mukubwa kutoka Ulaya. Yanataka watu kumi ku meza moja, ndani ya ofisi ya komine ao ya sekta, mwezi wa nane ao wa kenda, mbele ya mvua. Njo ile tunaita mupango wa hatari. Na njo ile hatuna, ao kama iko, imefungiwa ndani ya kabati fasi raia haiwezi kuiona.

Mwaka 2019 ulitupa somo mara mbili

Kalando haikuwa ya kwanza. Mwaka 2019 Lualaba ililia mara mbili ndani ya miezi mitano.

Tarehe 20 Februari 2019, ku Kabwe, ku njia ya kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, kamyo yenye kupeleka asidi ku Mutanda Mining iligongana na bisi. Asidi ikamwangika juu ya watu. Karibu watu 20 walikufa, na wengine wakabaki na vidonda vya asidi. Mutu wa mine anajua asidi inafanya nini: haingojee. Kila dakika inakula nyama. Dawa ya kwanza ni maji safi, mingi, haraka, na kuvua nguo zenye kulowana. Kumwangia mutu maji kwa dakika 20 ao zaidi mbele ya kumupakia ku mutoka. Dawa hii haina bei kubwa. Lakini inaomba vitu viwili: maji iwe pale, na watu wa pale wajue. Kijiji chenye kuona kamyo za asidi zikipita muchana na usiku, chenye hakina tanki ya maji karibu na njia, na chenye hakuna mutu alikifundisha neno hata moja juu ya asidi, kimewekwa mbele ya hatari bila ngao.

Kiisha tarehe 27 Juni 2019, ndani ya konsesyo ya KCC, karibu na muji wa Kolwezi, galeri mbili zenye kuwa juu ya shimo kubwa la KOV ziliporomoka juu ya wachimbaji wa mikono. Kampani ya Glencore, yenye kusimamia KCC, ilisema kwanza wafu ni 19. Serikali ya province ikasema 36. Mwishoni serikali ikatangaza 43. Kampani yenyewe ilisema kama watu karibu 2,000 walikuwa wanaingia mule kila siku bila ruhusa.

Angalia zile hesabu: 19, 36, 43. Hesabu ya wafu ilipanda namna ile juu wale watu waliingia bila jina lao kuandikwa fasi yoyote. Mama mwenye hakuona mutoto wake kurudi jioni alipaswa kwenda kuangalia maiti moja moja. Na jibu la serikali lilikuwa nini? Ilituma jeshi kuondoa wachimbaji. Nasema wazi: kuondoa watu fasi ya hatari inaweza kuwa lazima. Lakini miaka sita nyuma, ku Kalando, tukaona tena watu mingi, tena bunduki, tena maiti. Kama dawa ni ile ile na ugonjwa unarudi, basi tuangalie dawa upya.

Hatari haiko ya wachimbaji peke yao

Kuna mutu atasema: "Mimi sishuke ku shimo, ile haiko shauri yangu." Ndugu, mvua hainyeshei nyumba moja. Mwanzo wa Novemba 2025, siku chache tu mbele ya Kalando, maji yenye uchafu ya mine kutoka bwawa la Congo Dongfang Mining yaliingia ndani ya makartiye ya Lubumbashi, ku njia, ku lupango za watu. Ministri wa mine wa taifa, Louis Watum, alisimamisha kazi ya kampani ile. Watu wenye walikanyaga maji ile hawakuwa creuseurs. Walikuwa wamama wenye kwenda ku soko na watoto wenye kwenda ku masomo.

Hata hapa Kolwezi, hatuishi mbali na mine. Tunaishi ndani yake. Kasulo inatosha kuwa mufano: tangu mwaka 2014, wakati mutu moja alipata madini akichimba ndani ya lupango yake, watu wakachimba ndani ya nyumba, chini ya kitanda, chini ya jiko. Kiisha mwaka 2017 kipande cha kartiye ile kikageuzwa karieri, kikazungushwa ukuta, na familia zikahamishwa. Muji wenye namna hii, fasi nyumba na shimo viko jirani, hauwezi kusema hatari ni ya watu wa mbali.

Jirani wa kusini alituonyesha nini

Tarehe 18 Februari 2025, upande wa Zambia, karibu na Kitwe, ukingo wa bwawa la takataka za mine la Sino-Metals Leach ulipasuka. Lita karibu milioni 50 za maji ya asidi zikaingia ku muto mudogo wa Mwambashi, kiisha ku muto mukubwa wa Kafue. Samaki ikakufa, mashamba ya watu yakaharibika, na muji wa Kitwe, wenye watu karibu 700,000, ukafungiwa maji ya robine.

Sisemi Zambia ni paradizo. Kama kazi ya kukagua bwawa lile ingefanywa vizuri, pengine lisingepasuka. Lakini angalia kitu kimoja. Maji ya robine ilifungwa ili watu wasikunywe sumu. Ndege za jeshi na mashua zilimwaga chokaa ndani ya muto ili kupunguza ukali wa asidi. Haiko bahati. Zambia iko na sheria ya mwaka 2010 juu ya misiba, yenye kuunda komite ku kila kiwango: taifa, province, distrikti, mpaka chini ku vijiji. Ofisi yenye kuongoza kazi ile iko chini ya makamu wa rais. Kwa hiyo siku ya hatari, mutu wa distrikti haulizi kwanza "hii ni kazi ya nani?" Anajua mbele.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwezi wa Desemba 1984, kule Bhopal, Inde, gazi ya sumu ilitoka ndani ya fabrike usiku na ikaua maelfu ya watu. Raia hawakujua wakimbilie wapi. Waganga hawakujua sumu gani wanatunza. Juu ya ile, Umoja wa Mataifa, kupitia ofisi yake ya mazingira, ulianza mwaka 1988 programu yenye jina APELL, kusaidia wakubwa wa muji, kampani na raia kujitayarisha pamoja. Mwaka 2001 wakatoa kitabu chake kwa ajili ya mine hasa. Maana yake ni hii: kampani peke yake haiwezi, serikali peke yake haiwezi, na raia wenye hawajui kitu ni wafu wenye kungoja siku yao.

Tukumbuke na Brumadinho, kule Brazili, tarehe 25 Januari 2019. Bwawa la takataka za mine la kampani Vale lilipasuka, watu 270 wakakufa. Fasi ya kula ya watumishi ilikuwa imejengwa chini ya bwawa. Sirene zilikuwako, lakini siku ile hazikulia. Chombo chenye hakijajaribiwa ni sawa na chombo chenye hakiko.

Nani mwenye kazi, na franga iko wapi

Watu mingi wanafikiri mambo haya ni ya Kinshasa. Kipande kimoja, ndiyo. Protection civile iko chini ya ministeri ya ndani. Lakini sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema wazi kama muji, komine, sekta na sheferi ni mamlaka zenye kujisimamia, ziko na bajeti yao na wakubwa wao. Kulinda raia ni kazi yao ya kwanza. Wao njo wako karibu. Helikopta ya Kinshasa haitafika Mulondo ndani ya saa moja. Shefu wa kijiji na mukubwa wa komine wako pale tayari.

"Franga iko wapi?" Hili njo ulizo kila mara. Tujibu na Kode ya mine, yenye ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Kila mine inalipa redevanse: asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa kobalti tangu ilipotangazwa kuwa madini ya stratejiki mwisho wa mwaka 2018. Ku kila dolari 100 za redevanse ile, 50 ni za serikali ya taifa, 25 ni za province, 15 ni za komine ao sekta ao sheferi yenye mine iko ndani ya udongo wake, na 10 ni za akiba ya vizazi vyenye kuja. Soma tena: 15 ku kila 100 inakuja hapa chini, kwetu. Fikiri mine zenye ziko Dilala, Manika, Fungurume, Luilu. Hizi haziko komine masikini sawa vile komine ya fasi yenye haina hata shimo moja.

Kuongeza pale, Kode inaomba kila kampani iweke angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya raia wenye kuishi karibu na mine. Ile franga inasimamiwa na komite yenye raia wako ndani. Ni vizuri kujenga masomo na sentre ya afya. Lakini sentre ya afya yenye haina hata machela, wala maji ya kusafisha mutu wa asidi, wala munganga mwenye alifundishwa kutunza mutu mwenye alifunikwa na udongo, imejengwa nusu.

Basi ile tunakosa ku makomine haya ya mine haiko franga. Tunakosa mustari mumoja ndani ya bajeti wenye kuandikwa: "kujitayarisha kwa hatari". Raia iko na haki ya kuuliza ule mustari uko wapi, na ya kuuliza matumizi yake kila mwisho wa mwaka.

Mupango mwenyewe uwe na nini

Sitaki kitabu cha kurasa 200 chenye kuandikwa na konsilta na kusomwa na konsilta. Mupango wa komine unaweza kuikala ndani ya kurasa kumi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na ukurasa wa kwanza ubandikwe ku ukuta wa komine, ku kanisa, ku musikiti, ku depo, ku mulango wa karieri. Vitu hivi vikuwe ndani:

Kwanza, mukubwa mumoja. Siku ya hatari, mutu mumoja njo anaongoza, na jina la kazi yake linajulikana mbele, na la musaidizi wake kama yeye hayupo. Karibu naye wako munganga mukubwa wa zone ya afya, Protection civile, Croix-Rouge, polisi, SAEMAPE, mutu wa kampani, mutu wa kooperative, na wamama wenye kuuzisha ku karieri, juu wao njo wanajua nani ameingia na nani hajarudi.

Pili, karta ya hatari. Waandike: njia gani za kamyo za asidi, mabwawa gani ya takataka, mashimo gani yenye kuachwa, kartiye gani zenye kujaa maji. Waandike na njia za kutoka. Karieri yenye watu elfu na daraja moja ni mutego. Sheria inasema shimo la muchimbaji wa mikono lisipite metre 30. Karta ionyeshe fasi gani sheria ile inavunjwa, ili msaada ujue mbele unaenda kushuka urefu gani.

Tatu, hesabu ya watu. Mine za kampani zinajua jambo hili tangu zamani: mutumishi anaingia, anaacha jeton yake, anatoka, anaikamata. Jioni jeton yenye kubaki ku ukuta inasema "mutu huyu angali chini". Juu ya nini kooperative isifanye vile? Kipande cha bati na namba, na kitabu kimoja. Kwa njia ile, siku ya huzuni, familia haitasikia 19, kiisha 36, kiisha 43.

Ine, kengele ya kuonya. Sirene kama iko, lakini pia filimbi, megafone, kengele ya kanisa, radio za hapa kwetu. Ujumbe uwe mufupi, kwa Kiswahili, na kila mutu aujue: mulio huu ni wa kutoka shimo, mulio huu ni wa kukimbia maji. Na ijaribiwe kila mwezi, tusifanye ya Brumadinho.

Tano, vyombo na mikono. Kamba, miti ya kushikilia udongo, pompe, mashini ya hewa, taa, machela. Vifaa vikubwa viko kwa kampani tayari. Komine iandike nazo mapatano mbele, yenye kusema nani anatuma mashini, ndani ya saa ngapi, na nani anaiita. Kuomba mashini siku ya msiba, wakati watu wako chini ya udongo, ni kuchelewa. Wachimbaji wenyewe nao wafundishwe, juu wao njo wa kwanza kufika. Wengi wanakufa wakitaka kuokoa: mutu anaanguka ku shimo juu ya kukosa hewa, ndugu yake anashuka kumufuata, naye anaanguka, na wa tatu naye. Sheria ya kwanza ya kuokoa: usishuke kama hewa haijaingizwa. Ya pili: watu wasijazane ku ukingo wa shimo lenye limeporomoka, uzito wao unaweza kuangusha kipande kingine.

Sita, kundi la watu na bunduki. Hapa Kalando ituongoze. Mupango useme wazi kama fasi yenye mashimo, mifereji na madaraja, masasi haipigwe kutisha watu, hata hewani. Kundi lenye woga ni hatari sawa na udongo wenye kulegea. Kama wachimbaji lazima watoke, watolewe muchana, kwa njia zenye kufunguliwa, na watu wao wenyewe wa kooperative wakiongoza.

Saba, mazoezi. Kila mwaka, mwezi wa kenda, mbele ya mvua, siku moja ya kujaribu yote: kengele, ambilansi, hospitali, simu. Utaona mara moja namba gani haiiti na ambilansi gani haina mafuta. Ni afazali kuona vile siku ya mazoezi.

Nane, kisha msiba. Ofisi moja yenye kupokea familia, liste moja ya majina, na ndani ya miezi mitatu raporti yenye kusomwa wazi: nini ilitokea, nini tunabadilisha. Bila ile, kila msiba unazikwa pamoja na wafu wake na hautufundishi kitu.

Majibu kwa wenye kukataa

Kuna wakubwa watasema: "Kama tunafanyia wachimbaji wa bila ruhusa mupango, tunawakaribisha kuvunja sheria." Hapana. Pompie hauliza mutu kama amelipa kodi ya nyumba mbele ya kuzima moto. Sheria ifuate kazi yake, serikali ifungue zone za kweli za wachimbaji wa mikono zenye madini ndani yake, kooperative zifuatwe. Lakini muchimbaji mwenye hana ruhusa angali mutoto wa mutu, na angali raia wa Kongo.

Kampani zingine zitasema: "Sisi tuko na mupango wetu." Vizuri. Basi uletwe ku komine, usomwe, uunganishwe na wa kwetu. Tangu Agosti 2020 kuna kanuni ya dunia juu ya mabwawa ya takataka za mine, yenye kuomba kampani zitayarishe msaada wa hatari pamoja na raia na wakubwa wa fasi. Mupango wenye unajulikana ndani ya ukuta wa kampani tu unalinda ukuta wa kampani tu.

Na kuna sisi wenyewe. Yaya na wadogo wenye kushuka ku shimo, neno hili ni lenu pia. Hakuna mupango utaokoa mutu mwenye anachimba chini ya ukingo wenye umepasuka, usiku, mvua ikinyesha, juu negosian anangoja. Najua njaa haina subira. Najua pia kama tangu serikali ilipofunga mauzo ya kobalti inje mwezi wa Februari 2025, na kiisha kuweka kipimo mwezi wa Oktoba, makuta ilipungua ku mifuko ya wengi. Lakini wachimbaji wenyewe, ndani ya kooperative, wanaweza kukata shauri: kisha mvua kubwa hakuna mutu anashuka mpaka ukingo umeangaliwa. Mwenye kusema "tutoke" asichekwe kama mwoga. Na siku ambilansi inakuja, njia ifunguliwe, watu wasiizunguke.

Tufanye nini juma hili

Serikali ya province, chini ya Guverneri Fifi Masuka, inaweza kuomba kila komine, kila sekta na kila sheferi ya mine ilete mupango wake mbele ya mwisho wa mwezi wa kenda, na kutuma watu wa kuisaidia kuandika. Bunge la province linaweza kuuliza franga gani imewekwa. Haitaki sheria mupya. Inataka tarehe na mutu wa kufuata.

Raia nao wasingoje. Musomaji, enda ku komine yako, wewe na majirani wawili, ao na kooperative yako, ao na chama cha wamama. Uliza kwa heshima maulizo matatu: Siku udongo utaporomoka ao asidi itamwangika, nani anaongoza? Kengele gani italia? Ku bajeti ya mwaka huu, mustari wa kujitayarisha uko wapi? Kama unapata majibu, yaandike na uyapeleke ku kartiye. Kama haupati, rudi tena juma lenye kuja, na mukuwe kumi.

Mvua ya mwezi wa kumi haitangoja tumalize kubishana.